Historia ya Watoto Wasioona katika Nyanza ya Kusini



Ni desturi ya kitabu hiki cha mwaka kwamba, baada ya taarifa ya kamati na hesabu za fedha, huwekwa kurasa chache za historia, ili vijana wajue tulikotoka na wazee wakumbuke waliyoyashuhudia. Mwaka huu habari yetu ni ya watoto vipofu wa nchi yetu, ile iliyoitwa Kavirondo ya Kusini, kisha Nyanza ya Kusini, na ambayo leo sehemu yake kubwa ni kaunti za Homa Bay na Migori.

Nimechagua habari hii kwa sababu moja. Ukizipitia orodha za karo za vyama vya msaada kama hiki chetu, utaona majina ya yatima, ya watoto wa wajane, na ya wale waliofaulu mitihani lakini wazazi wao hawana kitu. Jina la mtoto asiyeona ni nadra kuliona. Je, watoto hao hawapo? Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika Kenya nzima watu wenye ulemavu wa namna zote walikuwa 2.2 katika kila mia, lakini katika Homa Bay walikuwa 4.3 katika kila mia, kiwango kilicho miongoni mwa vile vya juu kabisa nchini. Waliohesabiwa kuwa na shida ya kuona katika nchi yote walizidi 330,000. Basi watoto hao wapo. Wengi wao wako nyuma ya nyumba, wala hapana aliyewaandika katika orodha yoyote.

Historia hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni jinsi ugonjwa mmoja uliowapofusha watu wa mabonde yetu ulivyofukuzwa. Ya pili ni jinsi mtoto asiyeona alivyopata shule, na lile lililobaki bila kufanywa. Naamini ile ya kwanza hutufundisha namna ya kuifikiri ya pili.

Bonde la Kodera

Karibu na Oyugis, kuelekea mpaka wa Gusii, liko bonde la Kodera na msitu wake. Zamani mahali hapo palikuwa na ugonjwa uitwao usubi, ambao watu wengi ulimwenguni huujua kwa jina la upofu wa mtoni. Ugonjwa wenyewe huenda hivi. Nzi mdogo mweusi, mwenye kukaa kando ya mito iendayo kasi, humuuma mtu na kumtia vijidudu vinavyokua kuwa minyoo. Minyoo hiyo huishi chini ya ngozi, mara nyingi ndani ya vinundu, kwa miaka 10 na zaidi. Kila jike huzaa wana wasiohesabika, wadogo wasioweza kuonekana, nao hutembea ndani ya ngozi ya mtu. Mgonjwa hujikuna usiku na mchana. Ngozi yake hukunjamana kama ya mzee hali yeye bado kijana. Wana wale wakifika machoni na kufia humo, jicho hufanya ukungu kidogo kidogo, mpaka nuru inazimika.

Yatupasa kusema kweli hapa, ya kwamba ugonjwa huu aghalabu haukumpofusha mtoto mdogo. Ulimwingia utotoni, ukampofusha akiwa mtu mzima, wakati wa kulima na kulea. Lakini mtoto hakuepuka hasara yake. Kila mahali ulipozidi ugonjwa huu katika Afrika, mtoto mwenye macho alipewa ncha moja ya fimbo, na mzee kipofu akashika ncha ya pili, na mtoto akawa macho ya mzee toka asubuhi hata jioni. Mtoto wa namna hiyo hakwenda shule. Na kila siku aliyomwongoza mzee wake kwenda mtoni, naye aliumwa na nzi yule yule.

Katika nchi yetu, maradhi yasiyoelezeka yalihesabiwa kuwa chira, au laana ya ukoo, au kazi ya jirani mwenye chuki. Hatuna haja ya kuwacheka waliofikiri hivyo, kwa maana hata wataalamu walikuwa gizani. Wahenga walisema: usilolijua ni kama usiku wa giza.

Mwaka 1946 Daktari P. C. C. Garnham na Bwana J. P. McMahon, wa Idara ya Tiba ya serikali ya wakati ule, waliazimu kumfuata nzi badala ya kumngoja mgonjwa. Walikuwa na shida moja kubwa. Nzi huyo, ambaye wataalamu humwita Simulium neavei, alijulikana vema akiwa mzima, lakini hapana mtu aliyekuwa amepata kuona mahali wana wake wanapokua. Walitafuta juu ya mawe na majani ya mtoni, ambako wana wa nzi wengine wa jamii hiyo huonekana, wasipate kitu. Hata hivyo walipiga bongo wakasema: kama hatujui ni wapi ndani ya maji, tunajua kwamba ni ndani ya maji. Basi wakatia dawa ya D.D.T. katika vijito vya bonde lile, wakarudia mara kadhaa, siku chache kupita kati ya mara na mara. Nzi akatoweka Kodera. Mwaka 1947 waliandika habari hiyo ili ulimwengu uisome.

Siri yenyewe ilifumbuliwa mwaka 1950, wakati Bwana McMahon na Bwana van Someren walipogundua kwamba wana wa nzi huyo hukua wameshikamana na mwili wa kaa wa mtoni. Huenda watoto wengi wa Kodera, walipokuwa wakikamata kaa kwa kucheza, walikwisha kuishika mikononi siri iliyowashinda wataalamu.

Wakati huo huo Bwana J. J. C. Buckley alikuwa akichunguza ugonjwa huu katika Nyanza, naye akaonyesha kwamba kwenye Mto Riana nzi alitoweka baada ya vichaka vya kando ya mto kufyekwa, kwa kuwa kivuli ndicho maisha yake. Katika miaka ya 1950 kazi ya dawa ilienezwa katika mito mingine ya Nyanza, na mwaka 1958 McMahon na wenzake waliandika kwamba nzi huyo ameondolewa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1967 uliwapima watu wa mahali hapo miaka 9, 11 na 18 baada ya nzi kwisha, na haukuona dalili za maambukizo mapya. Minyoo ya zamani ilikuwa ikizeeka na kufa ndani ya wazee, na watoto waliozaliwa baada ya hapo walikuwa safi.

Leo twajua kwamba D.D.T. hudhuru samaki na ndege, wala hapana mtu mwenye busara angeimwaga mitoni kama walivyofanya wakati ule. Lakini tusisahau ukubwa wa jambo lenyewe. Kazi kubwa ya kupigana na usubi katika Afrika ya Magharibi ilianza mwaka 1974, yaani miaka 28 baada ya Kodera. Dawa ya kumeza iitwayo ivermektini ilianza kutolewa bure kwa ajili ya ugonjwa huu mwaka 1987. Nchi ya kwanza ya Afrika kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeumaliza usubi ni Niger, mwezi wa Januari 2025. Bonde letu lilitangulia, na wengi wa vijana wetu hawajui hata kwamba jambo hilo lilitokea.

Fundisho lake ni hili. Lile lililodhaniwa kuwa laana lilikuwa nzi, na nzi huyo alilelewa na kaa. Lilipojulikana, liliondoka.

Sababu zilizowapofusha watoto

Watoto wadogo walipofushwa na mambo mengine, na lililotangulia yote lilikuwa surua. Surua hudhuru kioo cha jicho yenyewe. Tena hula akiba ya vitamini A iliyomo mwilini, na mtoto aliyekuwa na akiba ndogo huishiwa kabisa. Kinywa chake hujaa vidonda, hawezi kula, na jicho lililokauka hupasuka kidonda. Hapo ndipo jamaa, kwa huruma, hutia machoni maji ya majani au dawa ya unga, na kidonda huzidi. Mwaka 1987 madaktari Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha uchunguzi wao wa Tanzania, wakaonyesha jinsi surua, ukosefu wa vitamini A, na dawa za kutiwa machoni zilivyoshirikiana kuwapofusha watoto. Hali yetu ng'ambo hii ya ziwa haikuwa ngeni kwa habari hiyo.

Mpango wa chanjo wa serikali ya Kenya ulianza mwaka 1980, na surua ikapungua mwaka hata mwaka. Mwaka 2016 chanjo ya surua iliunganishwa na ya rubela, ugonjwa ambao ukimpata mama mwenye mimba changa huweza kumzaa mtoto mwenye mtoto wa jicho, au kiziwi, au mwenye moyo mbovu. Kwa hiyo mama anayembeba mtoto wake kwenda kuchanjwa hafanyi kazi ya homa tu, analinda macho.

Juu ya chakula, Mungu hakutunyima. Omena wa ziwa letu huliwa mzima pamoja na kichwa na maini yake, na humo vitamini A imo. Majani ya kunde, mgagani ambao kwetu huitwa dek, na mnavu ambao huitwa osuga, vyote vinayo. Kabondo inajulikana kwa viazi vitamu, na vile vya rangi ya chungwa vina vitamini hiyo kwa wingi kuliko vyeupe. Ubaya ni kwamba mtoto akiachishwa ziwa la mama, mara nyingi hupewa uji mtupu wa mahindi, na mboga huonekana kuwa chakula cha wakubwa. Mtoto anayejikwaa wakati wa jioni, hali mchana anaona vema, anaomba mboga kwa namna yake.

Ziko sababu nyingine ambazo hazijaondoka. Malaria kali ya kichwa huweza kuondoa uwezo wa kuona, ingawa mara nyingi hurudi. Weupe katika mboni ya jicho la mtoto mchanga huweza kuwa mtoto wa jicho, na huweza kuwa saratani ya jicho, ambayo isipotibiwa huua. Weupe huo hauna ruhusa ya kungoja mavuno. Mtoto wa jicho aliyezaliwa naye yafaa kutolewa mapema sana, kwa kuwa ubongo hujifunza kuona katika miezi ya kwanza, na jicho lililofunguliwa baada ya miaka huweza kuwa safi lakini ubongo usijue la kufanya nalo. Tena si wote wanaoitwa vipofu ambao hawaoni kabisa. Wengi huona kidogo, na miwani, au maandishi makubwa, au kukaa karibu na dirisha, vyatosha kuwatoa gizani.

Safari ya kwenda Thika

Mwaka ule ule 1946, wakati dawa ilipotiwa katika vijito vya Kodera, Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya vipofu mjini Thika, ya kwanza katika Kenya. Katika Tanganyika shule ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilifuata mwaka 1950. Mwaka 1956 ilipitishwa sheria iliyounda Chama cha Vipofu cha Kenya kwa ajili ya kusimamia kazi hii.

Wazee wenye umri mkubwa wataweza kuwaza maana ya Thika kwa mzazi wa Homa Bay katika miaka ile. Mtoto wa miaka saba au minane, ambaye hajapata kutoka katika boma, alipaswa kupandishwa meli mpaka Kisumu, kisha gari la moshi mpaka Nairobi, kisha mbele tena. Huko hakuna aliyesema lugha ya mama yake, na angerudi likizo ikiruhusu. Wazazi wengi walikataa. Hatuwezi kusema kwamba wote walikataa kwa ujinga. Wengine walikataa kwa upendo, lakini matokeo yalikuwa yale yale.

Uhuru ulipokaribia, shule zilisogea karibu nasi. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya Mtakatifu Oda huko Aluor, katika nchi ya Gem, na mwaka 1963 Jeshi la Wokovu likaanzisha shule ya Kibos, karibu na Kisumu. Mwaka 1964 serikali iliweka kamati chini ya Bwana Ngala Mwendwa kuchunguza hali ya watu wenye ulemavu, na mapendekezo yake yakatokea katika waraka wa serikali Na. 5 wa mwaka 1968. Mwaka 1984 vilianza vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, ili mzazi apate shauri katika wilaya yake mwenyewe. Mwaka 1986 kilifunguliwa chuo cha kuwafundisha walimu wa watoto hao. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilitolewa bila karo, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya watu wenye ulemavu. Katiba ya mwaka 2010 yaitaka serikali kukuza matumizi ya maandishi ya breli.

Maandishi hayo, ambayo wengine huyaita nukta nundu, yana habari ya kupendeza. Louis Braille alizaliwa Ufaransa mwaka 1809, mwana wa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka mitatu alichezea chombo chenye ncha cha baba yake, kikamchoma jicho, na ubaya ukaenea hata jicho la pili. Alipofika miaka 15, mwaka 1824, alikuwa amekwisha kutunga mpango wa nukta sita zinazosomwa kwa kidole. Nukta hizo huandikwa kwa kutoboa karatasi kwa chuma chenye ncha, kitu kinachofanana na kile kilichompofusha.

Kwa hiyo, tukihesabu shule na sheria, twaweza kusema kwamba mlango uko wazi. Lakini walimu wa shule za vipofu, hapa na ng'ambo, wamelalamika tangu zamani juu ya jambo moja: watoto hufika wamechelewa, wengine wakiwa na miaka 10 au zaidi, na hufika hawajui kujivika nguo, wala kupanda ngazi, wala kushika kijiko. Watu huona hayo wakasema, tazama upofu ulivyomharibu. Hilo ni kosa, nami nataka kulieleza kwa kirefu, maana ndiyo kazi iliyobaki.

Mtoto asiyeona hukuaje

Mtoto anayeona huinua kichwa kwa sababu kuna kitu cha kutazama. Hutambaa kwa sababu ameona kibuyu ng'ambo ya chumba, anakitaka. Husimama kwa kumwiga dada yake. Hivyo macho yake humvuta siku nzima, na mama hufikiri kwamba amejifunza peke yake. Mtoto asiyeona ana mifupa ile ile na nguvu ile ile, lakini hapana kitu kinachomvuta. Sauti yenyewe haimvuti mapema, kwa kuwa kwake kitu kilichonyamaza ni kama hakipo, na hufika karibu mwisho wa mwaka wa kwanza kabla hajaelewa kwamba sauti ile anaweza kuifikia kwa mkono. Ndiyo maana huketi karibu kwa wakati ule ule wa wenzake, lakini hutambaa na kutembea baadaye. Kuchelewa huko si upungufu wa akili.

Hutabasamu asikiapo sauti ya mama. Hunena, na maneno yake huja karibu na wakati wa wengine, ingawa huweza kuchanganya "mimi" na "wewe" kwa muda mrefu zaidi. Wengine hulala mchana na kukesha usiku, kwa sababu nuru ya jua haiwaambii saa. Wengine hutikisa mwili mbele na nyuma, au hujibonyeza macho kwa vidole. Jirani huona hayo akasema mtoto ana wazimu. Mara nyingi ni mtoto anayejitafutia kazi, kwa kuwa hapana aliyempa. Mpe maganda ya mahindi, mpe vijiko na sufuria, mpe mchanga na maji, mpeleke akaguse ndama, na kutikisika huko aghalabu hupungua.

Sasa fikirini mtoto huyo akiwekwa juu ya ngozi pembeni mwa nyumba, kwa kuogopa asianguke, au kwa kuogopa macho ya wageni. Hulishwa kwa mkono wa mwingine. Akitaka kuondoka, hubebwa. Kwa miaka saba miguu yake haijui nchi, na vidole vyake havijui kitu isipokuwa nguo ya mama. Vidole hivyo ndivyo vitakavyotakiwa kusoma breli. Upofu ulimnyima macho. Sisi tulimnyima miguu na mikono. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tena tuache ile imani kwamba kipofu huzaliwa na masikio ya ajabu. Masikio yake ni kama yetu, ila huyatumia. Huweza kupiga ulimi na kusikia mwangwi ukimwambia kwamba mbele yake pana ukuta. Wataalamu wameonyesha kwamba mtu asiyeona akisoma breli, sehemu ile ya ubongo iliyokusudiwa kuona huingia kazini kumsaidia kidole. Ubongo haupendi kukaa bure. Lakini mambo hayo huja kwa mazoezi, na mazoezi huanza utotoni, nyumbani.

Uwezo wao

Wako watakaouliza: hata tukifanya hayo yote, mtoto huyo atafikia wapi? Swali hili lilikwisha kujibiwa. Bwana John Wilson, Mwingereza aliyepofuka akiwa mwanafunzi wa miaka 12 kwa ajali ya darasa la kemia, alianzisha mwaka 1950 chama cha kuwasaidia vipofu katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, naye ndiye aliyelieneza jina la upofu wa mtoni. Mwaka 1969 chama hicho kiliwapeleka vijana saba wasioona, kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, wakapanda mlima Kilimanjaro. Ni wangapi kati yetu wenye macho tuliofika huko?

Henry Wanyoike wa Kikuyu alipoteza macho akiwa kijana, na mwaka 2000 akashinda medali ya dhahabu ya mbio za mita 5,000 huko Sydney katika michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu. Bibi Josephine Sinyo, mwanasheria asiyeona, aliteuliwa kuwa Mbunge baada ya uchaguzi wa mwaka 1997. Walimu wasioona wanafundisha leo katika shule za nchi hii, na watoto wenye macho wanafaulu mbele yao.

Hatusemi kwamba kila mtoto asiyeona atapanda Kilimanjaro au kuingia Bungeni. Kila mtoto anayeona naye hafiki huko. Twasema tu kwamba asipimwe kwa kile alichonyimwa. Kulima kwa kufuata mstari wa kamba, kukamua ng'ombe, kusuka kamba, kuhesabu fedha kwa kugusa, kuchota maji kwa njia aliyoizoea, yote hayo yanafanywa na wasioona waliofundishwa mapema, na mtu afanyaye hayo haombi mezani pa nduguye.

Yanayotupasa

Ndugu wanachama, Kodera ilisafishwa na watu waliokubali kuanza kabla hawajajua kila kitu. Walijua ni ndani ya maji, hilo liliwatosha. Sisi twajua zaidi ya hapo. Twajua kwamba watoto hao wamo ndani ya maboma yetu, na kwamba miaka saba ya kwanza ndiyo inayowajenga au kuwabomoa. Kwa hiyo naweka mbele yenu mambo manne.

La kwanza, kila mwakilishi wa kata awatafute watoto hao kwa majina, kwa adabu na kwa siri pale inapofaa, bila kumwaibisha mzazi. Mama aliyemficha mtoto wake mara nyingi alikuwa akimkinga na midomo yetu.

La pili, mtoto yeyote mwenye weupe jichoni, au asiyefuata taa kwa macho, apelekwe kwa mganga wa macho wa hospitali juma hilo hilo, na nauli itoke katika mfuko wa chama.

La tatu, mtoto asiyeona apelekwe katika kituo cha kupima watoto akingali mdogo, asingojee umri wa shule. Mama yake aonyeshwe namna ya kumtambaza na kumtembeza.

La nne, katika orodha ya karo nafasi moja iwekwe kila mwaka kwa mtoto asiyeona, pamoja na fimbo yake nyeupe na vifaa vya breli. Mwaka ambao hapatakuwa na jina la kuandikwa katika nafasi hiyo, kamati iulizwe mbele ya mkutano mkuu kama ilitafuta.

Wazee waheshimiwa, hujafa hujaumbika. Hapana kati yetu ajuaye nani atashika ncha ya fimbo kesho, na nani atakayemwongoza. Wazee wetu walihesabu upofu kuwa chira, wakasamehewa kwa kuwa hawakujua. Sisi tumekwisha kuambiwa. Mwaka ujao, hesabu za chama zitakaposomwa, natumaini tutasikia jina la mtoto mmoja wa namna hii, na mtoto mwenyewe atakuwapo mkutanoni, ametembea kwa miguu yake.